Daftari na Bohari: Historia ya Kufuta na Kunakili katika Kompyuta Kuu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ni wosia kwa mwenye duka: aandike kila kiingiacho na kila kitokacho, kwa kuwa kisichoandikwa hakina wa kukidai. Lakini ndani ya methali hiyo imo dhana moja ambayo kwa muda mrefu haikuhitaji kutajwa, nayo ni kuwa daftari ni kitu kimoja na mali ni kitu kingine. Daftari likichomwa, magunia hubaki boharini. Magunia yakiibwa, daftari hubaki likishuhudia vitu visivyokuwapo. Na mfanyabiashara mwenye bohari mbili hawezi kujidai kuwa hana kitu kwa sababu ameteketeza moja.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini walitokea watu wenye elimu na vyeo waliosahau tofauti hizo mbele ya kompyuta. Wengine walifuta daftari wakadhani wamekwisha teketeza mali. Wengine waliteketeza mali ya bohari moja, wakasahau kuwa nakala yake ilikuwa imelala katika bohari ya pili. Asili ya makosa hayo yote ni namna kompyuta kuu zilivyofunzwa kuweka habari, kuzifuta na kuzinakili. Mafunzo yake hayawahusu mafundi peke yao, kwa kuwa katika mashine hizo ziliwekwa kumbukumbu za serikali, za benki na za hospitali, pamoja na siri za watu ambao hawakujua hata mahali mashine zenyewe zilipo.

Kabla ya sahani za sumaku, ambazo siku hizi huitwa diski, ofisi kubwa za Marekani na Ulaya ziliweka habari zao katika kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Kadi ya kawaida ilichukua herufi 80. Mteja alipofunga hesabu yake, kadi yake ilichomolewa katika kasha ikatupwa. Kufuta kulikuwa tendo la mkono, na mtendaji aliona kwa macho alichokitenda. Katika miaka ya 1950 zikaenea tepu za sumaku. Tepu husomwa kwa kufuatana toka mwanzo hata mwisho, kama kitabu ambacho msomaji wake haruhusiwi kuruka ukurasa. Hapakuwa na njia nyepesi ya kubadili habari moja iliyo katikati. Ilibidi tepu ya jana isomwe yote, mabadiliko ya leo yatiwe, na tepu mpya iandikwe.

Kwa hiyo kila kazi ya usiku ilizaa nakala. Tepu ya zamani ilibaki kama ilivyokuwa, na mpya ikashika nafasi yake. Mafundi waliupa mpango huo majina ya ukoo: babu, baba na mwana. Mwana akiharibika, baba yupo. Baba naye akiharibika, babu yupo. Aliyefutwa ili tepu yake itumike tena ni yule aliyekwisha pita cheo cha babu. Katika mpango huo kunakili hakukuwa wajibu wa ziada wa kukumbushana. Kulikuwa ni sehemu ya kazi yenyewe, na hata mvivu alikuwa na akiba.

Mpango huo ulivunjwa na mashine iliyotengenezwa San Jose, California. Mwaka 1952 kampuni ya IBM ilifungua maabara katika mji huo ikaiweka chini ya Reynold Johnson, mtu aliyekuwa zamani mwalimu wa shule na aliyebuni mashine ya kusahihisha mitihani. Septemba 1956 kampuni ikatangaza matunda ya maabara hiyo, mashine iliyoitwa RAMAC. Ghala lake la habari lilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, zimepangwa juu ya mhimili mmoja na kuzunguka mara 1,200 kwa dakika. Sahani hizo zilipakwa rangi yenye oksidi ya chuma, ambayo chembe zake huweza kutiwa alama za sumaku. Mkono mmoja ulipanda na kushuka pembeni mwake, ukaingia kati ya sahani na kusoma kilichotakiwa. Ghala zima lilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na lilichukua herufi milioni 5, yaani habari za kadi 62,500.

Hata hivyo wingi wa herufi haukuwa ndio jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa ni kuifikia habari yoyote kwa muda usiozidi sekunde moja, pasipo kupitia zile zilizoitangulia. Katika Maonyesho ya Ulimwengu ya Brussels ya mwaka 1958, RAMAC iliwekwa katika banda la Marekani ijibu maswali ya historia kwa lugha 10. Mgeni alitaja mwaka, nayo mashine ikamwandikia mambo yaliyotukia katika mwaka huo. Ilikuwa kama mwanachuoni asiyesahau kitu.

Lakini sahani zilezile zilikuwa na tabia ya pili, iliyo kinyume cha ile iliyoonyeshwa Brussels. Karani alipobadili salio la mteja, salio jipya liliandikwa mahali palepale pa salio la zamani, na la zamani likatoweka. Baba alikufa saa ileile mwana alipozaliwa. Mashine iliyosifiwa kwa kukumbuka ilikuwa pia ni mashine ya kusahau papo hapo, wala haikuacha tepu ya jana rafuni ambayo mkaguzi wa hesabu angeweza kuitazama. Nakala iliyokuwa ikipatikana bure ikakoma. Tangu hapo aliyetaka nakala ilimpasa aikusudie, aipangie saa, na alipe gharama yake. Mabadiliko hayo hayakupigiwa tarumbeta, lakini mengi yaliyofuata yametokana nayo.

Mwaka 1962 kampuni hiyohiyo ilitoa mashine iliyopewa namba 1311, ambayo sahani zake ziliweza kutolewa. Sahani 6 zenye upana wa inchi 14 zilifungwa pamoja zikawa kitita kimoja chenye uzito wa karibu ratili 10, na mtu aliweza kukibeba kwa mkono mmoja. Kitita kilichukua herufi milioni 2. Hivyo mashine moja iliweza kuhudumia vitita vingi: cha mishahara asubuhi, cha bidhaa adhuhuri, na cha wateja jioni. Kila kitita kilihesabiwa kuwa ni juzuu, kama juzuu ya kitabu, na jina hilo liliendelea kutumika hata sahani ziliporudi kufungwa ndani ya mashine zisitolewe tena.

Aprili 1964 IBM ikatangaza jamii ya kompyuta iliyoitwa System/360, na programu zake za uendeshaji zikaweka kanuni ambazo kompyuta kuu za ukoo huo zinazifuata hata leo. Mwanzoni mwa kila juzuu huandikwa lebo yenye namba ya juzuu, isiyozidi herufi 6, pamoja na maelekezo ya mahali ilipo orodha ya yaliyomo. Katika orodha hiyo kila faili ina mstari wake, wenye jina lisilozidi herufi 44 na habari za mahali faili ianzapo na iishiapo. Programu itakayo faili haipekui sahani nzima. Husoma lebo, ikaenda kwenye orodha, ikatafuta jina, kisha ikaelekea moja kwa moja mahali palipotajwa. Lebo ni kibao cha mlangoni, orodha ni daftari, na mifereji ya sumaku iliyosalia ndiyo bohari.

Basi, faili ilipofutwa kulitendeka nini? Mstari wake uliondolewa katika orodha, na nafasi yake ikaandikwa kuwa i wazi kwa mwingine. Bohari haikuguswa. Herufi zote zilibaki zilipokuwa, kila moja katika mfereji wake, mpaka siku ile faili nyingine itakapopewa nafasi hiyo na kuandikwa juu yake. Siku hiyo huweza kuwa kesho, na huweza kuwa baada ya miaka. Sababu ya kufanya hivyo haikuwa uzembe. Saa ya kompyuta kuu ilikuwa ghali mno, na kuandika sifuri juu ya kila mfereji wa faili kubwa kungaliishughulisha mashine kwa kazi isiyozalisha kitu. Kufuta mstari mmoja ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Hesabu hiyohiyo ilitumika katika kuandaa juzuu ili ianze kazi upya. Yaliweza kuandikwa mambo mawili tu: lebo mpya na orodha tupu. Juzuu iliyoandaliwa hivyo huonekana tupu kwa kila aingiaye kwa mlango na kuuliza daftari. Lakini atakayeacha daftari akasoma mfereji kwa mfereji atayakuta ya mwenye juzuu aliyetangulia. Zaidi ya hayo, mtumiaji mpya aliyepewa nafasi iliyoachwa na mwingine aliweza kuisoma kabla ya kuandika lake, akaona mabaki ya jirani asiyemjua. Katika ofisi iliyoweka mishahara na siri za wateja katika mashine moja, hilo halikuwa jambo dogo. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 programu za ulinzi za kompyuta hizo ziliongezewa hiari ya kuifuta mali pamoja na daftari, yaani kuandika juu ya mifereji ya faili saa ile inapoondolewa. Hiari hiyo nayo ilikuwa na bei yake, kwani saa za mashine zilizookolewa zamani zilipaswa sasa kulipwa.

Upande wa pili ni kunakili. Haja yake ya kwanza ilikuwa ni hofu. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa uwazi mwembamba kuliko unywele, juu ya tabaka la hewa. Kikigusa sahani, hukwangua rangi, na habari huondoka pamoja na rangi hiyo. Mwendeshaji asiye na uzoefu alipoona kitita hakisomeki, aliweza kukihamishia mashine ya pili akidhani kuwa kasoro ni ya mashine ya kwanza; kitita kilichokwanguliwa kikaharibu vichwa vya mashine ya pili, na vichwa hivyo vikaharibu kitita kingine kizima. Hapakuwa na tiba ya msiba huo ila nakala iliyofanywa jana. Kwa hiyo ikawa desturi ya usiku kumwaga kila juzuu katika tepu, na babu, baba na mwana wakarudi, ila safari hii kwa amri ya msimamizi.

Kunakili juzuu kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kufuata daftari: faili huchukuliwa moja moja kwa majina yake, ikawekwa mahali papya. Ya pili ni ya kufuata bohari: mfereji wa kwanza hunakiliwa katika mfereji wa kwanza, wa pili katika wa pili, hata mwisho. Njia ya pili hutoa pacha kamili, na pacha huyo huweza kuzaliwa na lebo ileile ya nduguye. Lakini mfumo wa uendeshaji hauruhusu juzuu mbili zenye namba moja ziwe kazini pamoja, kwa kuwa daftari za mfumo mzima huitambua juzuu kwa namba hiyo. Mmoja wa mapacha lazima awekwe nje. Fundi asiyejua ni yupi aliyeachwa ndani huweza kuendelea kuandika katika nakala, huku ile ya asili ikibaki nje na habari za jana.

Haja ya pili ya kunakili ilikuwa ni kuhama. Mashine zilikua upesi. Ile iliyopewa namba 3330, ya mwaka 1970, ilichukua herufi milioni 100 katika kila kitita. 3380, iliyotangazwa mwaka 1980, ilichukua zaidi ya bilioni 2.5 katika kabati moja. Kila kizazi kilipokuja, yaliyokuwa katika cha zamani yalinakiliwa katika kipya, na mashine ya zamani ikaondoka kwenda kuuzwa au kurudishwa kwa aliyeikodisha. Hapo ndipo kunakili na kufuta hukutana. Kunakili si kuhamisha. Magunia yakihamishwa, bohari ya kwanza hubaki tupu. Habari zikinakiliwa, bohari ya kwanza hubaki imejaa kama ilivyokuwa. Kwa hiyo kila kunakili huacha nyuma kitu kinachongoja kufutwa, na mara nyingi hakuna aliyetajwa kuwa ndiye wa kukifuta.

Mambo hayo yaliendelea kuwa elimu ya mafundi mpaka mwaka 1986, yalipoingia katika historia ya siasa ya Marekani. Watumishi wa Baraza la Usalama wa Taifa, katika Ikulu ya Rais Ronald Reagan, walikuwa wakipelekeana barua kwa njia ya programu ya IBM iliyoitwa PROFS, iliyokuwa ikiendeshwa katika kompyuta kuu. Novemba ya mwaka huo ilifichuka habari kuwa serikali iliiuzia Irani silaha kwa siri, na baadaye ikajulikana kuwa sehemu ya fedha zake ilipelekwa kwa wapiganaji wa Contra wa Nikaragua, ijapokuwa Bunge la Marekani lilikuwa limekataza wasisaidiwe kijeshi. Tarehe 25 Novemba John Poindexter, mshauri wa Rais katika mambo ya usalama, alijiuzulu, na msaidizi wake Oliver North akaondolewa kazini.

Katika siku hizo za mwisho North alisaga nyaraka nyingi za karatasi kwa mashine ya kusagia. Pia wote wawili walifuta barua zao katika kompyuta: Poindexter zaidi ya 5,000, na North zaidi ya 700. Kwa karatasi walifaulu, kwani zilizosagwa hazikurudi. Kwa kompyuta hawakufaulu. Barua ziliondoka kweli katika maeneo yao, lakini yaliyomo katika mashine yalikuwa yakinakiliwa katika tepu kila mara kwa kujikinga na hitilafu, kama ilivyokuwa desturi ya kila ofisi yenye kompyuta kuu. Kwa kawaida tepu hizo zilidumu muda mfupi tu kisha zikaandikwa upya. Zile za Novemba ziliwekwa kando zisitumiwe tena. Tume iliyoongozwa na John Tower ikazipata barua hizo, ikazitumia katika taarifa yake iliyotolewa Februari 1987. Katika ushahidi wake North alieleza kuwa waliamini kwa moyo kwamba barua ikishafutwa kwa kitufe imekwenda milele, na kwamba walikosea.

Inafaa kutazama kwa makini kilichookoa ukweli katika jambo hilo. Hapakuwa na jasusi, wala karani aliyeficha hati chini ya godoro. Palikuwa na mafundi waliofanya kazi yao ya kila siku, ambayo haikukusudiwa kuhifadhi historia bali kuwalinda watumiaji na kuharibika kwa sahani. Akiba iliyowekwa kwa hofu ya hitilafu ikawa ushahidi. Watu hao wawili walihukumiwa kuwa na makosa kadha mahakamani, North mwaka 1989 na Poindexter mwaka 1990, lakini hukumu zote mbili zilitenguliwa baadaye katika rufani, kwa sababu ya ushahidi waliokuwa wametoa mbele ya Bunge kwa ahadi kuwa hautatumiwa dhidi yao. Kwa hiyo tepu zile hazikumfunga mtu. Zilichofanya ni kuzuia historia isiandikwe kwa kauli za wahusika peke yake.

Shauri lililofuata lilikuwa kubwa kuliko hilo la kwanza. Januari 1989 Reagan alikuwa akimaliza muda wake, na tepu za Ikulu zilikuwa karibu kufutwa. Tarehe 19, siku moja kabla ya Rais mpya kuapishwa, mwandishi Scott Armstrong na shirika la National Security Archive walikwenda mahakamani Washington. Jaji Barrington Parker akatoa amri jioni ileile kuwa tepu zisiguswe. Serikali ilijitetea kwa hoja iliyoonekana nyepesi na ya haki: kila barua yenye maana ilitakiwa kupigwa chapa katika karatasi, na karatasi ikihifadhiwa, iliyomo katika mashine ni nakala isiyo na kazi.

Kesi ilichukua miaka. Agosti 1993 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja hiyo. Ilieleza kuwa karatasi iliyopigwa chapa haikuwa nakala kamili ya barua iliyokuwa katika mashine. Maneno ya barua yaliweza kuwamo, lakini huenda hayakuwamo majina kamili ya walioandikiwa wala saa barua ilipopokewa. Katika shauri la uwajibikaji, nani alijua na alijua lini ndiyo swali lenyewe. Kwa maneno mengine, mahakama iliwafundisha wakubwa somo ambalo mafundi walilijua tangu zamani: kunakili mali pasipo daftari lake ni kunakili nusu. Mwaka 1996 mahakama hiyohiyo iliamua kuwa Baraza la Usalama wa Taifa si idara kwa maana ya sheria iliyokuwa ikitumika katika kesi, na kumbukumbu zake zikahesabiwa chini ya sheria ya mwaka 1978 ya kumbukumbu za Rais. Hata hivyo barua zilikuwa zimekwisha okoka, na mwaka 1995 sehemu yake ilikuwa imekwisha tolewa kitabu kilichohaririwa na Tom Blanton.

Mtu akiishia hapo, ataona kuwa kufuta ni hila ya mkosaji na kunakili ni silaha ya haki. Historia haikuishia hapo. Sahani ziliendelea kupungua ukubwa na bei hata zikaingia katika kompyuta za mezani, nazo kompyuta hizo ndogo zikarithi tabia ya mababu zake: kufuta daftari na kuacha bohari. Wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski 158 zilizokwisha tumika, nao wakaeleza waliyoyaona katika makala ya mwaka 2003. Diski 129 zilikuwa zinafanya kazi. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa sawasawa. Katika zilizosalia walikuta barua za watu, habari za matibabu, maelfu ya namba za kadi za malipo, na diski moja iliyoonekana kutoka katika mashine ya benki ya kutolea fedha, yenye hesabu za wateja.

Watu waliokuwamo katika diski hizo hawakuwa na jambo la kuficha kwa taifa. Walikuwa wagonjwa na wateja waliokabidhi siri zao kwa wengine. Tabia ileile ya mashine, ya kuacha mali baada ya kufuta daftari, ingeweza kumfaa raia kwa kuhifadhi yaliyotendwa na mwenye madaraka, na sasa ilimdhuru raia kwa kuacha yake njiani. Kwa hiyo sahani yenyewe haina upande. Haki na dhuluma hutegemea ni nani aliyeamua kifutwe nini, kwa ruhusa ya nani, na kama alijua anachokitenda.

Elimu ya kufuta kwa kweli ilikua polepole. Julai 1996 Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland alisoma makala yake katika mkutano uliofanyika San Jose, mji uleule ulioizaa RAMAC miaka 40 kabla. Alieleza kuwa kwa sahani za wakati ule hata kuandika juu mara moja kuliweza kuacha dalili za kilichotangulia, akapanga utaratibu wa kuandika juu mara 35. Watu wengi waliupokea utaratibu huo kama sheria, ijapokuwa ulikusudiwa kukusanya njia za sahani za aina nyingi, wala si zote kwa kila sahani. Mwongozo uliotolewa mwaka 2006 na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulieleza kuwa kwa diski za kisasa kuandika juu mara moja kwatosha kwa matumizi mengi. Njia nyingine ni kuvunja sahani zenyewe, au kuzipitisha katika sumaku yenye nguvu. Na katika mashine za karne hii yameongezwa maandishi ya fumbo: habari zote huandikwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo ukiharibiwa, bohari nzima hubaki ikiwa na magunia yasiyofunguka.

Kunakili nako kulibadilika. Katika miaka ya 1990 kompyuta kuu zilianza kupewa vioo, yaani juzuu za mji wa mbali zinazoandikwa yaleyale yanayoandikwa katika juzuu za nyumbani, karibu katika dakika ileile. Moto ukiunguza jengo moja, kazi huendelea katika jingine. Wako waliodhani kuwa kioo kimeondoa haja ya tepu ya jana. Lakini kioo huonyesha uso ulivyo sasa, si ulivyokuwa jana. Mtu akifuta faili kwa makosa au kwa makusudi, kioo hufuta pia, kwa uaminifu uleule. Aliye na kioo pekee amerudi mahali palepale pa RAMAC, ambapo baba hufa mwana anapozaliwa. Lau Ikulu ya mwaka 1986 ingalikuwa na kioo pekee pasipo tepu, barua za Poindexter na North zingalitoweka katika bohari zote mbili kwa pamoja.

Historia hii yote yaonyesha kuwa kufuta na kunakili, mambo yaliyoonekana kuwa kazi ndogo za usiku, ni amri za utawala. Ofisi iliyo na kumbukumbu za watu hudaiwa majibu ya maswali machache: nakala ni ngapi, ziko wapi, nani aziwekaye, zitafutwa lini, na nani atakayeshuhudia kuwa zimefutwa mali pamoja na daftari. Ofisi isiyoweza kujibu huenda ikapoteza iliyopaswa kuhifadhi na kuhifadhi iliyopaswa kuteketeza, katika siku moja na kwa mikono ya karani mmoja. Wahenga walimwonya mwenye mali isiyo na daftari. Mwenye daftari lililofutwa naye aonywe vilevile, kwa kuwa mali yake ingaliko boharini, na atakayeikuta huenda asiwe yeye.